Nyumba ya Miti, Mianzi na Makuti: Jinsi ya Kuijenga Idumu

Wasomaji wanaotaka kujenga kwa mimea huuliza mambo mengi, lakini ukiyachambua yote hurudi kwenye swali moja: je, itadumu? Anayeuliza habari za mchwa anauliza hilo. Anayeuliza kama makuti yatavuja mwaka wa pili anauliza hilo. Hata yule anayehofia maneno ya majirani, kwamba wataziona kuta za fito kwenye kiwanja alichokinunua kwa jasho, anachoogopa ni nyumba yake kuonekana ya muda, kibanda cha kusubiria nyumba ya kweli. Swali ni la haki. Karibu kila mkazi wa pwani ameona banda la miti lililoinama baada ya masika machache, na hakuna sababu ya kumwambia asiamini macho yake.

Jibu langu ni kwamba nyumba itadumu endapo maji na udongo havitaugusa mti, na haitadumu vikiugusa, hata mti huo uwe mgumu namna gani. Ushauri wote ulio hapa chini unatokana na hilo. Fedha za nyumba ya mimea ziende kwanza pale mti unapokutana na ardhi na pale mvua inapokutana na ukuta, kisha ziende kwenye dawa, na mwisho kabisa kwenye mti wa bei. Wengi hupanga kinyume: hutafuta boriti ngumu kuliko zote, wakazichimbia ardhini, halafu wakashangaa.

Boriti ile ile, maisha mawili

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Lamu na katika Mji Mkongwe wa Unguja. Nyumba za zamani za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lakini dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Lamu zipo nyumba za karne ya 18 ambazo bado zinasimama kwa ujenzi huo. Na pale dari zilipoanguka, mara nyingi mkosaji ni paa lililovuja likalowesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kupanda juu kuziba ufa. Boriti hizo zilikaa miaka mingi zikiwa kavu, kisha zikaoza kwa muda mfupi baada ya kulowa.

Chukua sasa boriti kutoka mkoko ule ule uichimbie ardhini iwe nguzo ya ua. Baada ya miaka michache itakatika pale pale ardhi inapoanzia, huku kichwa chake kikiwa kizima. Kwenye usawa wa ardhi unyevu na hewa hukutana, na hapo ndipo kuvu wanaoozesha mti wanapostawi. Mchwa nao hutokea papo hapo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba amepata mti usiooza, mimi humwuliza kwanza utasimama wapi.

Utasema kwamba mkoko ni mti mgumu, na wewe una mianzi na nyasi tu. Basi tazama Kasubi, Kampala. Nyumba kubwa ya makaburi ya wafalme wa Buganda ilijengwa mwaka 1882 ikiwa ikulu, ikageuzwa kaburi mwaka 1884, na iliezekwa kwa nyasi juu ya pete za matete, vitu ambavyo mtoto anaweza kuvivunja kwa mikono. Ilisimama zaidi ya karne moja, pamoja na ukarabati mkubwa wa mwaka 1938. Nyasi zake zilichakaa kama nyasi zote, ila palikuwa na ukoo, Ngeye, ambao kazi yake ya kurithi ilikuwa kuliezeka paa hilo. Kilichoimaliza mwaka 2010 ni moto, na moto nitaurudia mbele.

Mti unapokutana na ardhi

Hapa usibane matumizi. Kama bajeti inatosha msingi mzuri na miti ya kawaida, au msingi hafifu na miti bora, chagua msingi.

- Inua msingi wa mawe, bloku au zege angalau sentimita 45 juu ya ardhi ya nje. Penye maji yanayotuama wakati wa masika, zidisha.
- Juu ya msingi laza nailoni nzito au tabaka la lami, ili unyevu wa ardhini usipande ukaingia ukutani.
- Nguzo zikae juu ya kipande cha chuma kilichoshikwa na zege, zikafungwa kwa bolti, na pabaki nafasi ndogo ya hewa chini ya mguu wa nguzo.
- Kati ya msingi na mti weka bati lililokunjwa ukingo wake kuelekea nje na chini.
- Ardhi iteremke kutoka ukutani pande zote, na mfereji uyapokee maji ya paa.

Mafundi wengi watakupinga kwenye nguzo. Watakuambia kwamba wakipaka mguu wa nguzo lami kisha wakaumwagia zege, basi umesalimika. Tatizo ni kwamba mti hupungua unapokauka na kuvimba unapolowa, na zege halifanyi hivyo. Baada ya miezi kadhaa mwanya hubaki kati yao, maji huteremka na nguzo hadi chini, na zege hugeuka kikombe kinachoyahifadhi. Nguzo huoza mahali usipoweza kupaona, na siku utakapogundua itakuwa paa limeanza kuinama.

Bati la juu ya msingi nalo linahitaji maelezo, maana watu huliweka wakadhani wamewamaliza mchwa. Bati haliui mchwa wala halimzuii kabisa. Mchwa wa ardhini husafiri ndani ya vijia vya udongo kwa sababu hawawezi kuishi kwenye ukavu na mwanga. Bati huwalazimisha kuvijenga vijia hivyo nje, kuuzunguka ukingo, ambako utaviona. Kinga yenyewe ni macho yako. Kila mwezi zunguka nyumba, na ukikuta kijia kivunje, kisha utafute kinatoka wapi. Usiegemeze kuni wala mbao za akiba ukutani, usipande maua yanayofunika msingi, na usirundike mchanga uliobaki kando ya nyumba. Vitu hivyo vitatu vimewapa mchwa njia ya siri katika nyumba nyingi zilizojengwa vizuri.

Kila mmea na kazi yake

Kosa la pili ni kutumia mmea mmoja kwa kazi zote kwa kuwa ndio uliopatikana.

- Mikoko. Ni imara kwa dari na paa. Wauzaji wa pwani ya Kenya huipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Itumie tu pale hakuna mbadala.
- Mvinje. Hupandwa mashambani Kilifi na Kwale na hukomaa kwa matumizi ya makombamoyo na fito ndani ya miaka michache. Hauvumilii mchwa ukizikwa, kwa hiyo uwe juu ya msingi.
- Mnazi. Mbao nzuri hutoka kwenye mnazi mzee ambao haulipi tena shambani. Sehemu ya nje ya shina, hasa chini, ni nzito na ngumu, nayo hufaa nguzo na sakafu. Sehemu ya kati ni laini kama boga. Isibebe kitu chochote. Mnazi ukikatwa upasuliwe upesi, maana gogo likilala wiki kadhaa hushika ukungu, na msumeno wa kawaida huisha makali haraka mno.
- Mvumo. Mti wa nje wa mvumo mkomavu huvumilia mchwa kuliko miti mingi ya pwani. Hukua polepole, kwa hiyo usikate usichokipanda.
- Mianzi. Ni myepesi, ina nguvu, hukua haraka, na bila dawa ndiyo dhaifu kuliko yote mbele ya wadudu.

Kuhusu mikoko nitasema wazi. Misitu hiyo inalindwa kisheria Kenya na Tanzania, na ukataji unahitaji kibali. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za Lamu na za delta ya Rufiji hadi Oman na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Kenya ilipiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982 kwa sababu misitu ilikuwa inapungua. Mkoko ndio mazalio ya samaki na kinga ya ufuo, na huko Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wameonyesha kwamba msitu uliosimama unaweza kuuza hewa ya kaboni na kulipia maji na shule. Anayejenga nyumba ya kutunza mazingira kwa boriti za magendo ameiharibu shabaha yake kabla ya kuweka msingi. Mwombe muuzaji kibali chake. Akikosa, ondoka, ujenge paa lako kwa mvinje.

Mianzi: dawa kabla ya fundi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo panapopotea nyumba nyingi. Mwanzi hufikia unene wake siku unapochomoza ardhini na urefu wake wote ndani ya miezi michache. Kwa hiyo mwanzi mnene unaweza kuwa wa mwaka jana, laini na umejaa wanga, na wanga ndio chakula cha kadudu kadogo kanakotoboa mwanzi na kuacha unga mweupe sakafuni. Wa kujengea uwe na umri wa miaka 3 hadi 5. Mwanzi mchanga utaujua kwa rangi ya kijani ing'aayo, vumbi jeupe na maganda yaliyoshika kwenye vifundo. Uliokomaa umefifia rangi, una madoa ya kuvu juu yake, na ukiugonga hutoa sauti kavu. Njia ya hakika ni mwenye shamba kuandika mwaka kwenye kila bua linapotoka.

Aina nayo ina uzito. Mwanzi wa manjano unaopandwa sana kuwa pambo una wanga mwingi na hutobolewa haraka. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, mwanzi wa ulanzi hugemwa ukiwa bado chipukizi. Bua lililogemwa usilihesabu kuwa nguzo ya nyumba.

Utaratibu wa kutibu ni huu:

1. Kata wakati wa kiangazi, juu tu ya kifundo cha kwanza au cha pili, ili kisiki kisibaki kikombe cha mbu.
2. Acha bua limesimama shambani na majani yake kwa wiki moja au mbili. Majani huendelea kuvuta maji na kupunguza sukari.
3. Kabla halijakauka, toboa vifundo vyote kwa ndani kwa nondo ndefu iliyochongwa ncha, kutoka upande mmoja hadi wa pili.
4. Changanya dawa. Kiwango kinachotumika sana ni kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki kwa lita 100 za maji.
5. Zamisha mianzi yote kwa siku 7 hadi 10 ndani ya birika au shimo lililotandikwa nailoni, ukiigandamiza kwa mawe isielee.
6. Ichuje, kisha ikaushe kivulini ikiwa imeinuliwa kutoka ardhini, ukiigeuza mara kwa mara. Jua kali huipasua.

Dawa hii haina ukali wa sumu nyingine za mbao, lakini ni sumu kwa anayeimeza, na nyingi ikimwagwa shambani huua mimea. Vaa glavu, funika birika, na pipa lililotumika lisirudi jikoni. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba huyeyuka kwenye maji. Mwanzi uliotibiwa ukiachwa kwenye mvua utaoshwa dawa yote, na hapo tunarudi kwenye hoja yetu: hata dawa bora haiwezi kufanya kazi ya upenu.

Wengine wataniuliza kuhusu njia ya wazee ya kulaza mianzi mtoni au baharini wiki kadhaa. Inasaidia kiasi, kwani maji huondoa wanga na kuwanyima wadudu watoboao chakula. Haizuii mchwa wala kuoza. Kama huna uwezo wa kupata boraksi, ifanye, lakini itumie mianzi hiyo ndani ya nyumba, kwa dari na vizuizi vya vyumba, pahali ambapo ni rahisi kubadilisha.

Kwenye kujenga, makosa ya mianzi yanafanana kila mahali. Msumari uliopigwa bila kutobolewa tundu kwanza hupasua bua kutoka mwanzo hadi mwisho. Bua likikatwa mbali na kifundo, ncha hubonyea. Bolti likipita kwenye pingili tupu huivunja. Ijaze pingili hiyo mota ya saruji kwanza. Na mwanzi uliojengwa ukiwa mbichi hupungua baadaye, na viungo vyote vikalegea.

Dawa za kuepuka

Oili chafu ya magari hupakwa miti kila mahali, nami naomba iachwe. Hubaki juu juu, haiingii ndani ya mti kiasi cha kuuhifadhi, inanuka, ina uchafu wa metali usiofaa ngozi ya mtoto, na inausaidia moto. Vilevile, nguzo za kijani zilizotiwa dawa kiwandani zimebeba shaba, kromiamu na aseniki. Zinadumu, na chini ya ardhi huenda zikawa ndizo pekee utakazozitegemea, lakini vipande vyake visichomwe kamwe wala visipikiwe. Moshi na majivu yake yana aseniki, na watu huvikusanya kuni bila kujua.

Kuta za fito na udongo

Kiambaza kina sifa mbaya isiyostahili. Tarehe 25 Januari 1999 tetemeko la ardhi lilipiga mji wa Armenia na eneo la kahawa la Colombia. Nyumba za huko za viunzi vya mianzi vilivyokandikwa, zile zilizotunzwa, zilistahimili kuliko nyingi za matofali yasiyo na nondo, na serikali ikauingiza ujenzi huo kwenye kanuni zake. Zilizoanguka zilikuwa hasa zile ambazo mianzi yake ilikuwa imeshaoza au kuliwa. Wakazi wa Kagera, ambao nyumba zao nyingi za tofali zilibomoka katika tetemeko la Septemba 2016, wana sababu ya kuliangalia jambo hili kwa makini. Leo mianzi ina hata kiwango cha kimataifa cha usanifu wa majengo, ISO 22156, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2021, na mhandisi akikuambia hakuna vipimo unaweza kumwelekeza huko.

Kabla ya kukandika, jaribu udongo. Tengeneza vipande kadhaa ukutani vyenye vipimo tofauti vya udongo na mchanga, vikiwa na nyasi kavu zilizokatwakatwa, kisha ngoja vikauke. Kinachopasuka kina mfinyanzi mwingi. Kinachomung'unyika kwa kidole kina mchanga mwingi. Kandika tabaka la kwanza, tomea mawe madogo kama mnavyofanya pwani, liache likauke kabisa mpaka lipasuke linavyotaka, ndipo upake la pili kuziba nyufa.

Kosa kubwa huja mwishoni. Mwenye nyumba hutaka ionekane ya kisasa, basi hupiga lipu ya saruji juu ya udongo. Saruji ni ngumu na udongo ni laini, havitanuki wala kupungua pamoja. Nyufa hutokea, maji huingia nyuma ya lipu yasipate kutoka, fito huoza, na siku moja lipu huanguka kipande kizima. Paka chokaa. Chokaa iliyolowekwa vizuri na kuchanganywa na mchanga huushika udongo, hupumua, na ikichakaa hupakwa tena. Tahadhari hiyo hiyo inahusu kuchanganya nyuzi za mimea ndani ya saruji. Miaka ya 1970 na 1980 vigae na mabati ya saruji yenye nyuzi za mkonge yalitangazwa sana kuwa suluhisho la bei nafuu, lakini magadi ya saruji huzidhoofisha nyuzi hizo, nayo mabati marefu yakapasuka. Mkonge ni kamba nzuri sana ya kufungia. Uache uwe kamba.

Makuti au bati?

Makuti ya viungo yaliyoshonwa kwa wingi na kupangwa karibu karibu hudumu miaka 5, pengine 7. Mabovu hayafiki 3. Tofauti hutokana na mambo mawili ambayo mwenye nyumba anaweza kuyapima mwenyewe.

- Mteremko. Paa lipande mita 1 kwa kila mita 1 linayokwenda ndani, yaani nyuzi 45, au zaidi. Likilala chini ya hapo maji hayakimbii. Hunywewa na makuti.
- Nafasi. Kutoka kuti moja hadi la juu yake isizidi upana wa kiganja. Fundi anayelipwa kwa jumla huwa na kishawishi cha kuzidisha nafasi, maana makuti yanayobaki ni yake.

Mti wenye matawi juu ya paa ukatwe matawi, kwani paa lisilopata jua halikauki. Makuti ya kumba, yale ya kusuka, yabaki kwenye ua na vibanda.

Sasa nitasema jambo ambalo wapenzi wa makuti hawatalipenda. Kwa familia nyingi, hasa kwenye kiwanja kidogo cha mjini, nyumba bora ya mimea ni ile yenye bati juu na mimea chini. Bati lenye upenu wa mita 1 hukinga kuta za fito kuliko makuti yaliyochoka, halina gharama ya kuezeka upya kila baada ya miaka kadhaa, na hukupa maji safi ya mvua, jambo kubwa kwa wanaoishi visiwani. Joto lake hupunguzwa kwa dari ya mianzi iliyopasuliwa na matundu ya hewa kwenye pembe za juu za kuta. Hakuna usaliti hapo. Kuzalisha tani moja ya saruji hutoa hewani mamia ya kilo za kaboni, na nyumba ambayo kuta zake zote ni za mimea na udongo tayari imeokoa sehemu kubwa ya hizo. Nyumba ya mimea tupu inayooza baada ya miaka 5 na kudai msitu mwingine ndiyo inayoharibu.

Lolote utakalochagua, ziba uwazi kati ya ukuta na paa kwa wavu. Mbu wa malaria huingia hasa kwa njia hiyo usiku, na hewa hupita kwenye wavu bila shida.

Moto

Pingamizi hili sina la kulipunguza. Makuti na nyasi kavu huwaka, na nyumba ikishika hakuna cha kuokoa ila watu. Nyumba ya Kasubi, iliyopita salama katika masika ya zaidi ya miaka 120, iliteketea usiku mmoja, tarehe 16 Machi 2010. Dawa za kupuliza za kupunguza moto zipo, lakini nyingi huoshwa na mvua, basi usizihesabu kuwa ulinzi wa kudumu.

- Jiko liwe nje, chini ya bati, upande ambao upepo mkuu hautapeleka cheche kwenye paa.
- Nyaya zote ndani ya mabomba, viungio ndani ya visanduku, na sakiti breka inayofanya kazi. Taa isiguse makuti.
- Kila chumba cha kulala kiwe na njia ya pili ya kutokea, mlango au dirisha lisilo na nondo za kudumu.
- Acha nafasi kubwa kati ya paa lako na la jirani. Isipopatikana, usiezeke makuti kabisa, weka bati.
- Tangi la maji, ndoo na ngazi vikae nje, panapojulikana na kila mtu wa nyumbani, watoto wakiwemo.

Gharama, kibali na mkopo

Usilinganishe bei ya siku ya kwanza. Andika safu mbili za miaka 20: upande mmoja gharama ya kujenga, upande wa pili kila utakachobadilisha na mara ngapi. Paa la makuti litaezekwa upya mara 2 au zaidi katika muda huo. Kuta za fito zitapakwa chokaa tena na tena. Mara nyingi nyumba ya mimea bado hutoka nafuu, hasa kwa mwenye minazi au mianzi yake, lakini wakati mwingine haitoki, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kununua.

Nenda halmashauri na mchoro kabla ya kununua hata fito moja. Maeneo mengi ya miji yana masharti juu ya paa la makuti au nyasi. Benki nazo kwa kawaida husita kukopesha nyumba isiyo ya tofali, kwa hiyo panga ujenzi wa awamu kwa fedha zako: msingi na paa kwanza, kuta baadaye. Mpangilio huo una faida yake, kwani mianzi na udongo vitakauka chini ya paa lililokwisha simama.

Makubaliano na fundi

Tafuta fundi ambaye nyumba aliyoijenga miaka 5 iliyopita unaweza kwenda kuitazama, na utazame miguu ya nguzo kabla ya kutazama paa. Kisha andikeni: kimo cha msingi, urefu wa upenu, mteremko wa paa, nafasi ya makuti, aina na umri wa mianzi, nani atasimamia kuitia dawa na kwa siku ngapi. Makuti yahesabiwe yanapofika, na yanayobaki yawe yako, ili pasiwe na faida ya kuyabana. Mwambie tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo yake itabaki mkononi mwako hadi masika ya kwanza yapite. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, pandeni pamoja darini na tochi, mzipitie pembe zote, na mmalizane baada ya kuziba mtakachokiona.